Taa ya Bwawa la Matema

Jumatatu, 1 Agosti 1994

Tajiri kaniamkia shikamoo leo. Naandika hili kwanza, maana yanayofuata si mazuri.

Bwana Ridhwani, mwenye maduka Kyela mjini, kafika asubuhi kukagua hoteli yake mpya hapa Matema. Mpya kwake. Mimi naijua tangu ikiwa nyumba ya mapumziko ya Shirika la umma, mwaka sabini na tatu, nilipoajiriwa kuokota majani bwawani. Shirika limekufa. Wakubwa wameondoka, mmoja na mapazia. Mimi nimebaki kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuniachisha. Miaka yote hii bwawa la kuogelea lilikuwa kavu na majirani walianika mpunga ndani yake. Mahali pazuri mno kwa mpunga. Kuku akiona kile kina anaghairi.

Wiki iliyopita tulilisugua, tukalipaka rangi, tukalijaza maji ya ziwa kwa pampu ya kukodi. Pampu imesharudi mjini. Leo tajiri akauliza kama kila kitu kiko tayari. Nikasema tayari. Akauliza, na ile taa ya chini ya maji? Nikasema hiyo ndiyo ya kwanza.

Sikuwa nimeijaribu. Nilikuwa nimesahau kwamba ipo!

Akanipeleka mpaka kwenye uzio wa waya. Akaniambia utotoni alikuwa akija hapa na marehemu baba yake kuleta kreti za soda. Baba anaingia, yeye anaambiwa abaki nje na gari. Basi anashika waya na kutazama: watu wanacheza dansi, na bwawa linawaka buluu kutoka chini, kana kwamba mbingu imeangukia humo.

"Bwana Angetile," akasema, "mimi sikununua vyumba. Vyumba vinavuja. Nimenunua ile taa."

Ufunguzi ni Jumapili. Wageni watatoka Mbeya, wengine ng'ambo ya mto Songwe, Malawi. Taa ikiwaka, meneja ni mimi. Isipowaka, meneja ni Dulla, mpwa wake, kijana wa miwani myeusi anayetembea kama kaazima miguu.

Alipoondoka nikawasha jenereta, nikabonyeza swichi. Giza. Nikabonyeza tena, kwa heshima. Giza.

Kisa, mke wangu, akaanza kunieleza jambo kuhusu yule Mtaliano aliyeifunga taa zamani, na bisibisi yake. Nikamwambia huu si wakati wa hadithi.

Ila mwenyewe nimekaa ukingoni mpaka kiza kimeingia, nikikumbuka. Bendi ilikuwa ikitoka Mbeya. Mwanga wa maji ulikuwa ukipanda ukutani na kutetemeka chini ya paa. Kisa alikuwa mhudumu wa vinywaji, anapita na sinia, uso wake nusu buluu, nusu wa kawaida. Nilivaa koti langu la kahawia na kumwomba tucheze. Akasema yuko kazini. Nikasema nitangoja. Nilingoja msimu mzima wa mavuno.

Jumanne, 2 Agosti

Nimemwita Hezroni, fundi umeme. Kakodolea maji, kanywa chai, kakodolea tena. Kasema yeye kasomea umeme wa nchi kavu. Taa imo ndani ya ukuta wa bwawa, kama urefu wa mkono chini ya uso wa maji. Basi maji yapunguzwe kwanza. Nikakubali haraka, nisionekane sikuwa nimelifikiria.

Pampu hakuna. Lakini akili ipo.

Nimezunguka kijijini kutangaza: maji ya bure bwawani, kila mtu aje na ndoo! Nikakaa kungoja umati. Jua likageuka. Akaja bibi mmoja. Akauliza maji yenyewe yametoka wapi. Nikasema ziwani. Akatazama ziwa. Lilikuwa pale pale nyuma yangu, limejaa mpaka Malawi. Akasema ndaga, yaani asante, akageuza na ndoo yake tupu.

Kisa kauliza kama kesho nitagawa mchanga.

Mchana kafika Dulla na sanduku la taa za rangi. Anasimika mianzi kuzunguka bwawa ili azitundike juu, nyekundu na kijani, kama Dar es Salaam. Kasema siku hizi hakuna anayetazama chini. Nikamwuliza kama amewahi kuiona taa ya majini ikiwaka. Kasema alikuwa hajazaliwa. Ndiyo shida ya siku hizi. Mambo yanaendeshwa na watu ambao hawakuwepo.

Jumatano, 3 Agosti

Usingizi umeniletea jibu. Mpira wa maji!

Nimeunganisha mipira ya bustani, ncha moja bwawani, nyingine kwenye mteremko wa kwenda ziwani. Nikavuta kwa mdomo. Nimemeza kiasi. Yana ladha ya rangi ya ukuta. Halafu maji yakaanza kwenda yenyewe! Nilijiona kama waziri anayezindua mradi. Nikaenda kwa jirani kunywa chai ya ushindi.

Niliporudi, Dulla alikuwa akipiga kelele. Mpira ulikuwa umejipindua njiani, na maji badala ya kwenda ziwani yalikwenda kwenye mianzi yake. Udongo ukalainika. Mianzi ikainama mmoja baada ya mwingine, polepole, kama wakwe wanaosalimiana. Taa za rangi zikalala matopeni. Dulla kasema ni hujuma. Nimemwapia kwamba sikukusudia. Na kweli sikukusudia. Nilifurahi tu.

La muhimu, maji yalikuwa yamepungua na taa ikaonekana. Tukaingia mimi na Hezroni. Kioo kimepasuka, ndani kuna tope na konokono wamejenga familia. Tukaanza kuchimba ukuta kuizunguka kwa tindo. Kisa akapita na ungo wa mchele. Akasimama.

"Baba Jubilate, mbona mnavunja ukuta? Pana skrubu moja tu, hapo juu. Yule Mtaliano alilala kifudifudi ukingoni, akaifungua, akaivuta taa mpaka nje. Waya wake mrefu, umejiviringa kule nyuma. Hata tone la maji hakutoa."

Nikapapasa. Skrubu moja. Nikaifungua. Taa ikatoka na waya wake, mrefu, laini, kama utumbo wa kambale.

Hezroni akatazama tindo. Mimi nikatazama milima ya Ukinga.

Baadaye nikamwuliza Kisa kwa nini hakuniambia mapema. Kasema aliniambia Jumatatu. Si haki. Alisema, lakini hakuniambia.

Alhamisi, 4 Agosti

Safari ya kutafuta taa. Nimevaa koti la kahawia, maana naenda mjini, nikapanda lori la mpunga.

Jamani, Kyela! Maduka yamejaa hadi barabarani. Sabuni za kila rangi. Redio zenye spika mbili. Mitumba inaning'inia kama mikungu ya ndizi. Nikakumbuka tulivyokuwa tukipanga foleni kwa kipande cha sabuni, na nyuma ya muuzaji ni rafu na vumbi. Lakini taa ya bwawani ilikuwa inawaka! Leo kila kitu kipo, ila hiyo. Muuzaji mmoja kanipa tochi. Mwingine kasema niagize Dubai. Wa tatu kaniuliza kwa nini mtu amulikie samaki.

Mpita njia akaniambia Ipyana kuna fundi magari, Ezra, ana Landrova bovu uani kwake. Nikaenda kwa miguu. Njia nzima nilikuwa nikiwaza, na nilipoliona gari nikaelewa. Taa ya mbele ya Landrova! Ni duara, kioo chake kimezibwa kiwandani, na inatumia umeme mdogo kama wa betri, sawa na ule unaotoka kwenye transfoma yetu ya bwawani. Hezroni alishawahi kulitaja jambo hili, lakini mimi ndiye niliyelikumbuka.

Ezra hakutaka kuuza. Kasema gari lile kaliendesha ujanani, na bado linamsikia akilisemesha. Tukakaa kwenye boneti tukila ndizi za kuchoma. Kumbe alikuwa akiwaleta wakubwa kwenye dansi za Matema, anangoja nje mpaka waishe kulewa. Akaniambia sura yangu haikumbuki. Lakini koti analikumbuka! Kola pana vile, kama masikio ya tembo. Alikuwa akilitazama kupitia kioo cha gari na kujiambia, siku moja na mimi.

Akaishika kola. Kwa vidole viwili tu, kwa sababu ya grisi.

Sikufikiri sana. Ningefikiri nisingeweza. Nimerudi Matema na taa kwapani na upepo mgongoni. Kisa alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya, hakuniona nikiingia.

Ijumaa, 5 Agosti

Taa ya Landrova imeingia kwenye bakuli la taa ya zamani kana kwamba zilizaliwa pamoja. Baada ya kuigongagonga. Pembeni tumezungushia mpira wa tyubu ya baiskeli na gundi ya pancha. Hezroni kaizamisha kwenye ndoo, haikutoa povu hata moja. Tukairudisha ukutani. Skrubu nimeifunga mwenyewe, nimelala kifudifudi kama Mtaliano.

Sasa bwawa halijajaa. Pampu mjini hawatoi mpaka wiki ijayo. Ikabidi nizunguke kijiji kile kile, kuwaomba watu wale wale, sasa walete maji. Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Yule bibi wa Jumanne akaniomba nirudie kwa sauti, mumewe hasikii vizuri na asingependa akose.

Kisa ndiye aliyewaita wenzake wa kwaya. Wakakubali kwa sharti moja. Jumapili waingie. Kwa getini, wakae kwenye viti, wasisimame kule kwenye uzio kama miaka yote. Nikaahidi papo hapo. Tajiri sijamwuliza.

Wakajipanga kutoka ufukweni mpaka bwawani, ndoo zinapita mkono kwa mkono, wimbo unatangulia mbele ya ndoo. Mimi nikasimamia. Kisa akasema kusimamia nako kunatumia mikono. Nikapewa ndoo.

Jioni akafungua sanduku la nguo atoe koti, alipige pasi kwa ajili ya Jumapili. Ikabidi niseme. Nilitegemea kelele. Alifunga sanduku polepole na kuweka kiganja juu ya mfuniko, akakaa hivyo kidogo, kama mtu anayesikiliza. Angenigombeza ningelala.

Jumamosi, 6 Agosti

Tumeijaribu taa kabla ya jua. Imewaka!

Hezroni karuka juu. Mimi nimeinama kutazama. Ndoo zilikuwa zimeingia na mchanga, na mwanga wa Landrova ni wa njano. Bwawa zima limekuwa chai ya maziwa yenye taa ndani. Nimekumbuka sasa hivi: taa ile ya zamani ilikuwa na kioo cha buluu.

Dulla kapita, katazama, kauliza kama wageni waje na vikombe.

Nimetoka mbio mpaka Lyulilo, nikanunua buluu ya kufulia nguo nyeupe, kila kipakiti sokoni. Akina mama wa Kikisi waliokuwa wakishusha vyungu mitumbwini wakaniuliza nawafulia malaika wangapi. Nimeimwaga yote. Nimekoroga kwa kasia, na kasia lilipovunjika, kwa mikono. Mchana mchanga ukatulia chini. Maji yakawa buluu.

Buluu sana.

Mikono yangu pia. Kisa kauliza, na hii inatoka? Leo ndiyo mara ya kwanza anasema nami tangu jana. Nikajibu kwa furaha kwamba inatoka. Sijui kama inatoka.

Jumapili, 7 Agosti

Kanisani mikono ilikaa mifukoni. Mchungaji alinyoosha mkono wake mlangoni, nikainama badala ya kumpa.

Alasiri wageni wakafika. Magari yamejaa njia nzima, vumbi jekundu, manukato, pilau inanukia. Halafu wakaja akina mama wa kwaya na vitenge vyao vizuri, Kisa mbele. Dulla akawazuia getini. Kasema hii ni hoteli, si uwanja wa mpira. Nilifungua mdomo. Umeneja ulikuwa karibu hivi, nauona. Mdomo ukajifunga wenyewe.

Kisa hakubishana. Aliwageuza wenzake, wakaenda kusimama nje ya uzio. Wakashika waya kwa vidole.

Hapo ndipo nilipotembea. Sijui nani alikuwa akiisogeza miguu. Nikamwendea Bwana Ridhwani katikati ya wageni wake, nikamwambia wale ndio waliolijaza bwawa kwa ndoo, na nikamwambia kwa nini lilihitaji kujazwa, na taa imetoka wapi, yote, mbele ya watu wa Mbeya. Sikumtazama. Nilitazama viatu vyake.

Akageuka, akaona vidole kwenye waya. Kisha akaita, sauti yake haikuwa ya tajiri: "Dulla! Fungua geti. Hapa hakuna mtu anayebaki nje tena."

Wakaingia. Wakakaa kwenye viti. Yule bibi akachagua cha mbele.

Baada ya sala ya magharibi nikawasha jenereta, nikabonyeza swichi.

Ah!

Maji yalifunguka. Buluu ikapanda kutoka chini, ikagusa ukuta, ikatetemeka chini ya paa vile vile kama zamani. Nyuso zote zikawa nusu buluu. Hata Dulla akatazama chini. Bwana Ridhwani akavua viatu, akapandisha kanzu, akakaa ukingoni na kutia miguu majini. Machozi yalimtoka bila haya. Akaniuliza, "Ndiyo yenyewe?"

Nikasema ndiyo yenyewe. Nadhani ile ilikuwa nyepesi zaidi, kama moshi wa kuni. Lakini ni zamani, nami nilikuwa kijana, na kijana huona kila kitu chepesi.

Kisha Dulla akataka kuonyesha watu jinsi ya kupiga mbizi. Aliingia na kaptula nyeupe. Alitoka na kaptula ya buluu, masikio ya buluu, na hasira. Bwana Ridhwani akatoa miguu yake haraka kuitazama. Buluu mpaka kwenye vifundo! Nikajua nimekwisha. Akacheka mpaka akashikwa bega na wageni. Kasema Shamsa, mkewe, atamwuliza usiku huu alikanyaga nini, na hatakuwa na la kumwambia. Nilipomletea sabuni akaikataa. Kasema ameingojea buluu hii tangu utoto, ikae.

Ezra naye alikuja kutoka Ipyana, kaingia kwa getini, kavaa koti. Mikono ya koti ni mifupi kwake. Alikuwa anang'aa. Kisa akalitazama koti, akanitazama mimi nilivyosimama na shati. Nikangoja hukumu. Kaseti ilikuwa imeanza kupiga muziki ule ule wa bendi.

Akaja, akachukua mkono wangu wa buluu.

"Twende," akasema. "Leo siko kazini."

Jumanne, 9 Agosti

Jana sikuandika. Viuno vinauma.

Jana hiyo tajiri kaniamkia shikamoo, kisha katangaza meneja. Ni Kisa. Kasema anataka mtu anayekumbuka kitu kilivyofungwa na anayeweza kuita watu wakaja. Dulla atakaa kaunta ya soda. Mimi nimepewa cheo cha Msimamizi wa Bwawa, ndiyo kazi ile ile ya majani, ila sasa ina jina. Nikampongeza mke wangu. Kwa kweli nimefurahi. Alilia kidogo, kisha akaniagiza nifagie.

Nimejifunza mengi wiki hii. Kubwa zaidi, mtu usikurupuke, na usikilize wenzako kabla ya kuanza jambo. Nitaishi hivyo kuanzia sasa.

Mgeni mmoja wa Mbeya ametusimulia jinsi alivyotazama Kombe la Dunia kwa rafiki yake, kwa dishi. Nimemhoji vizuri. Dishi si chochote. Ni sahani kubwa ya bati inayotazama mbinguni na kushika picha zinazopita, halafu waya unazishusha ndani. Hoteli yenye dishi! Watu watatoka mpaka Tukuyu! Na jikoni kuna sufuria jipya la aluminiamu la pilau za harusi, pana, linang'aa, umbo ni hilo hilo kabisa. Kisa kalinunua jana, ndiyo kazi yake ya kwanza ya umeneja.

Asubuhi aliniita kutoka dirishani, kasema jambo kuhusu sufuria hilo na harusi ya kule Ngana Jumamosi. Nilikuwa juu ya paa, upepo mwingi, sikushika vizuri. Nitamwuliza baadaye.

Tundu la waya nimeshalitoboa, katikati kabisa ya sufuria.